Haluwa Chini ya Mnara wa Taa

Shemeji yangu Taki ana magonjwa kumi na moja, na ukikaa naye dakika tano utayajua yote kwa mpangilio. Huanzia magotini, hupanda kiunoni, hupita kwenye nyongo waliyomtoa mwaka ule wa theluji kubwa, hufika kwenye sukari, ambako hukaa sana, na humalizia na sikio la kushoto linalolia kutwa. Dereva wa basi la Dixon Road anayajua. Yule mama wa dirishani benki anayajua. Siku moja nilimkuta kwenye lifti ya jengo letu akimweleza jirani Msomali habari za nyongo, na ghorofa ya yule bwana ilikuwa imeshapitwa zamani, lakini adabu ilimzuia kushuka.

Mimi naitwa Hadi. Taki ni shemeji yangu kwa sababu alimwoa dada yangu Ummulbanin, kule Tanga, wakati mimi bado navaa kaptula. Alikuwa fundi cherehani. Simaanishi mshonaji, namaanisha fundi wa kuzitengeneza zenyewe, na alikuwa akizunguka na boksi lake la nati na sindano mpaka Korogwe. Toronto alikuja na boksi lile lile. Miaka ishirini na saba alihudumia mashine za kiwanda kimoja cha mapazia huku Etobicoke, akastaafu, akapewa zawadi ya saa ya ukutani, akaifungua siku hiyo hiyo kuona kama waliofunga skrubu walijua kazi. Yeye anakaa ghorofa ya kumi na nne na mimi ya tisa, katika jengo moja la Kingsview Village. Ndege za uwanja wa Pearson zinatupita karibu sana, kiasi kwamba tumezoea kunyamaza katikati ya sentensi na kuendelea zikishapita.

Dada yangu alifariki miaka minne iliyopita. Nilimpenda. Alikuwa akitugombeza mimi na mumewe kwa zamu, na tangu aondoke tumebaki wazee wawili ambao hakuna anayewauliza wamekula nini. Kila jioni Taki hushuka, hugonga mlango wangu, na huniambia magoti yameamkaje.

Mwezi wa pili mwaka huu alijaribu kupika pilau kwa kukumbuka. Alikumbuka vitunguu, alikumbuka nyama, akasahau kwamba sufuria iko jikoni, akaenda kulala kidogo. Kengele ya moto ikalia. Jengo zima likateremka kwenye theluji, watu wengine na kandambili, na nilipomwona Taki alikuwa amesimama na mwiko mkononi akiwaeleza wazimamoto kwamba kwa mtu aliyetolewa nyongo si vizuri kushuka ngazi kwa haraka.

Binti yake Mahjabeen akaja mbio kutoka Milton. Ni mtoto wake wa pekee, ni mhasibu, na hapendi maneno mengi. Akasema, "Papa, I can't do this. Ama beziment yetu, ama uoe."

Ile beziment, chumba cha chini ya ardhi nyumbani kwao, naijua. Ina zulia jipya, ina hita, ina kitanda kizuri, na ina dirisha moja dogo juu ukutani ambalo ukichungulia unaona matairi ya gari la jirani. Taki aliiogopa beziment ile kuliko magonjwa yote kumi na moja. Akakohoa, akasema kwamba ikiwa ni kuoa, kuna mtu.

"Nani?" tukauliza sote wawili.

"Khatijabai."

Ikabidi atusimulie. Siku moja ya tabaruku, chakula cha baraka, msikitini, Khatijabai alikuwa akisimamia dirisha la jikoni ambako hugawa pakiti za biriani za kwenda nazo nyumbani. Taki alichukua pakiti yake, akazunguka nyuma ya nguzo, akavua kofia, akarudi kwenye foleni. Khatijabai akamtazama. "Wewe wa kofia," akamwambia mbele ya watu. "Kuvua kofia hakubadilishi sura. Rudi ukakae, kuna watu hawajapata hata moja."

"Nikarudi nikakaa," Taki alisema, na macho yalikuwa yanamng'aa. "Shemeji, miaka minne hakuna mtu aliyenigombeza vizuri namna ile. Watoto wa siku hizi, ukifanya lolote, it's okay, Papa. Pilau limeungua, it's okay. Nyumba inawaka, it's okay."

Wakacheka, nikacheka pamoja nao. Halafu nikateremka ghorofa ya tisa, nikakaa mbele ya picha ya dada yangu, nikamwambia asisikilize maneno ya watu.

Khatijabai ni mjane wa miaka tisa. Ana umri wa miaka sitini na saba, alifundisha hesabu sekondari Moshi, na alipofika huku wakampa kazi ya kusimamia watoto wa shule wakati wa chakula cha mchana, akaisimamia miaka ishirini. Anakaa Crescent Town na mwanawe Kamil, kijana mpole wa ofisi ya bima. Mahjabeen akampigia Kamil, wakaelewana wazee wao waonane. Shida ikawa wapi. Msikitini haiwezekani, maana kuta zina masikio na masikio yana simu. Nyumbani ni mapema mno. Kwenye maduka makubwa kila ukigeuka unakutana na mtu wa jamati, yaani wa msikiti wetu, anauliza umekuja na nani.

"Kuna mnara wa taa," Mahjabeen akasema. "Kwenye visiwa, Gibraltar Point. Umejengwa zaidi ya miaka mia mbili iliyopita. Nobody from jamaat goes there, Mjomba. It's historic."

Kwa maoni yangu, kuwapeleka watu wa umri ule wakaangaliane chini ya kitu cha historia ni kejeli. Lakini hakuna aliyetaka maoni yangu. Nilitakiwa niende tu, kwa sababu bwana haendi kuonwa bila mzee wa upande wake, na upande wa Taki uliobaki ni mimi. Yaani kaka wa marehemu ndiye amsindikize mgane kutafuta mwingine. Niambie kama hayo si mambo.

Usiku wa kuamkia siku yenyewe, Mahjabeen akamkalisha baba yake. "Papa, promise me one thing. Usitaje ugonjwa. Hata mmoja. Mpaka Magharibi." Binti alitaka ahadi tu. Taki, ambaye hafanyi kitu nusu, akainuka, akatawadha, akaweka mkono juu ya Msahafu akaapa. Mahjabeen akasema haikuwa lazima kufika huko. Taki akamwambia yeye ameshafika.

Lipo jambo moja zaidi la kueleza, ama sivyo hutaelewa kilichotokea. Katika familia zetu za Tanga, watu wazima hawaulizani uso kwa uso, unanitaka au hunitaki. Aibu. Kinapitishwa kitamu. Tunaita mithi jibh, yaani kuutia ulimi utamu. Ukila, umekubali. Ukikataa, umekataa, na hakuna anayefedheheka kwa sababu hakuna aliyeuliza. Mahjabeen na Kamil, waliozaliwa huku, hawayajui hayo. Sisi watatu tulikuwa tunayajua vizuri sana.

Ilikuwa Jumapili ya mwisho wa Septemba, jua zuri, upepo wa ziwani baridi. Tulikutana kwenye foleni ya feri. Khatijabai alikuja na baibui ya kijivu, raba nyeupe, mkoba wa magurudumu, na kiti cha kukunja kimefungwa juu ya mkoba kwa kamba. Akamwamkia Taki, akamwamkia Mahjabeen, kisha akaniangalia mimi.

"Huyu nani?"

"Shemeji yake," nikasema. "Kaka wa marehemu."

"Pole kwa dada yako. Alikuwa akileta maandazi msikitini. Yalikuwa yanaungua chini, lakini hakukosa kuleta hata Alhamisi moja."

Ni kweli yalikuwa yanaungua. Nilichukia kwamba ni kweli.

Kutoka gati la Centre Island mpaka kwenye mnara ni mwendo wa nusu saa kwa mtu mwenye magoti mazima. Kwa Taki ilikuwa saa nzima. Kila goti lilipomshika alitaka kusema, akakumbuka kiapo, akasimama na kusifia chochote kilichokuwa mbele yake. "Mti mzuri huu," akasema. Tukatembea hatua mia moja. "Na huu nao." Tukapita bustani, tukapita yale mabata bukini yanayochafua njia yote, akasimama akayasifia mabata. Mahali pengine hapakuwa na mti wala bata, na goti likamshika pale pale. Akashika kiuno akaangalia kushoto na kulia. "Pipa zuri hili la taka," akasema.

Khatijabai akaliangalia pipa. "Mume wangu hakuwahi kuona kitu njiani," akaniambia kwa sauti ya chini. "Huyu anaona kila kitu." Nikamjibu kwamba ndivyo alivyo. Siri ya mtungi aijuaye kata.

Mbele kidogo Mahjabeen na Kamil wakaanza kutembea wakitukinga upande mmoja, kwa sababu kulikuwa na kibao kinachoelekeza njia ya ule ufukwe wa Hanlan's ambako watu huruhusiwa kuoga bila nguo. Khatijabai alikisoma kile kibao kabla hawajakifikia. "Na baridi hii?" akasema, akaendelea kuvuta mkoba wake.

Mnara nao ukatokea katikati ya miti. Ni wa mawe ya kijivu, mnene chini na mwembamba juu, una mlango mwekundu, na mlango ulikuwa umefungwa. Taki alishukuru Mungu kwa midomo tu kwamba hakuna ngazi za kupanda, nikamwona. Lakini kilichomshangaza ni kwamba hapakuwa na maji. Mnara wa taa umesimama msituni.

"Ziwa liko wapi?" akauliza.

Khatijabai alikuwa ameshafika kwenye kibao cha maelezo. Alisoma chote, tangu juu mpaka chini, kidole kikifuata mistari. "Zamani maji yalikuwa hatua chache tu kutoka hapa mlangoni. Mchanga ukajazana mwaka hadi mwaka, ziwa likasogea."

"Kwa hiyo ziwa limehama na yeye kaachwa."

"Ndiyo."

"Masikini," Taki akasema, akaupapasa ukuta. Halafu akaurudia ule mlango, akainama akachungulia tundu la kufuli. "Skrubu hizi si za zamani. Wamebadilisha. Na wamefunga moja upande."

"Una pembe sita," Khatijabai akasema.

"Tano."

"Sita, Takibhai. Imeandikwa na nimeuona."

"Mimi ni fundi. Nimeuangalia. Tano."

Basi wakaanza kuhesabu, Khatijabai akizunguka huku, Taki akizunguka kule. Walipokutana nyuma ya mnara walikuwa wanahesabu kwa sauti, na kila mmoja akamharibia mwenzake hesabu, wakarudia. Mara ya tatu Taki akakubali kwamba alianzia mlangoni na kuusahau upande wa mlango wenyewe. "Ndiyo maana wanafunzi wangu nilikuwa nawaambia waweke alama pa kuanzia," Khatijabai akamwambia. "Haraka zako hizo." Taki alisimama pale amegombezwa, uso umefunguka, na nilijua mambo yamekwisha. Sikufurahi nilivyotakiwa kufurahi.

Tukakaa kwenye nyasi chini ya mnara. Khatijabai alikaa kwenye kiti chake cha kukunja, sisi tukatandika mkeka. Kamil alitusimulia, kwa Kiingereza, kwamba mlinzi wa kwanza wa mnara alitoweka usiku mmoja asionekane tena, wengine wanasema aliuawa, na kwamba wapo wanaodai kusikia nyayo zake ngazini.

"Huyo hakuuawa," Taki akasema. "Alipelekwa beziment ya binti yake."

Khatijabai akacheka mpaka kiti kikacheza. Mahjabeen naye akacheka, akamkonyeza Kamil, na wale wawili wakaondoka wakijidai wanakwenda kuangalia ufukwe, ili watuache sisi wazee. Walidhani wamefanya jambo la busara.

Zikatoka bajia, ikatoka chatne ya nazi, ikatoka chupa ya chai. Chai ilikuwa ya maziwa na sukari yake ndani. Taki alipokea kikombe, akashukuru, akangoja Khatijabai ageuke, akazinywesha nyasi. Akapewa cha pili. Nyasi zikanywa na hicho. Kisha Khatijabai akaingiza mkono ndani kabisa ya mkoba, akatoa kopo, akafungua, akapanga vipande kwenye kisahani cha udongo alichokibeba kutoka nyumbani kwa ajili hiyo. Haluwa, nyekundu, inang'aa, lozi juu. Akanyoosha sahani mbele ya Taki kwa mikono miwili.

"Karibu, Takibhai."

Taki akakitazama kisahani. Asubuhi ile, kabla hatujatoka, alikuwa amejipima akanionyesha namba, na namba haikuwa nzuri. Sikukuu moja alikula ladu moja tu kwa ulafi, akalazwa hospitali siku mbili. Akaniangalia mimi. Akamwangalia Khatijabai.

"Asante," akasema. "Sili."

"Huli sasa hivi, au huli?"

"Sili kabisa."

Neno moja tu lilihitajika pale. Sukari. Taki alikuwa ameapa, mimi sikuapa. Nilikuwa nimekaa katikati yao, mdomo ni wangu, ulimi ni mzima, na nilinyamaza. Sitajificha nyuma ya visingizio. Nilimwona dada yangu na maandazi yake, nikaona huyu na lozi zake zilizopangwa kwa mstari, nikaona jinsi Taki alivyocheka mchana ule, nikaona wivu kwa niaba ya marehemu. Nikajiangalia vidole.

Khatijabai akarudisha mikono taratibu. "Haina neno," akasema. Uso haukubadilika, ila alikiweka kisahani pembeni kama kitu kizito. Hapo ndipo tuliposikia kengele.

Lilitokea lile gari la baiskeli la magurudumu manne wanalokodisha kule kisiwani. Wajukuu wawili wanapiga pedali, na nyuma amekaa Shafiq wa msikitini kwetu anapiga simu. Shafiq, ambaye akijua jambo saa nne, saa tano linajulikana Dar es Salaam. Mahali ambapo hakuna mtu wa jamati anayekwenda.

"Mashallah," akasema, akishuka. Alimtazama Taki, akamtazama Khatijabai, akaitazama haluwa. "Kuna jambo gani hapa?"

"Historia," nikamwambia.

"Tunaangalia mnara," Khatijabai akasema.

Shafiq akainama, akachukua kipande akala. Akachukua cha pili. Cha tatu akakila akiwa anarudi kwenye gari lake. Kama sahani ile ingekuwa na sheria, Khatijabai angekuwa ameposwa na Shafiq mara tatu, na mkewe yu hai. Hakuna aliyecheka.

Walipotoka ufukweni, Mahjabeen na Kamil walitukuta tumefunga vitu. "What happened?" Kamil akamuuliza mama yake. "Hakuna," akajibiwa. "Upepo." Tukaanza kurudi gatini. Taki hakusifia mti wowote. Magoti yalikuwa yanamuuma vile vile, ila alitembea tu, anachechemea, na Khatijabai alikuwa mbele akivuta mkoba wake kwa kasi ya mtu aliyechelewa kazini.

Foleni ya feri ilikuwa ndefu, ina vigari vya watoto na masanduku ya barafu. Taki akakaa kwenye benchi, nami nikakaa karibu naye. Ng'ambo ya maji mji wote ulikuwa umesimama, na lile jengo refu lao katikati.

"Shemeji," akasema. "Beziment ile siyo mbaya. Ina hita. Na matairi nayo ukiyaangalia vizuri yana mengi ya kuona."

Nilihisi aibu ambayo sijawahi kuihisi tangu utotoni. Mtu huyu alimbeba dada yangu mgongoni ghorofa kumi na nne lifti ilipoharibika, na yeye ndiye mwenye magoti. Nikainuka, nikapita katikati ya foleni mpaka alipokaa Khatijabai, kwenye kiti chake, mgongo wima.

"Khatijabai, Taki ana sukari," nikasema. "Hakukataa. Hawezi. Na hakuweza kukuambia, ameapa kwa Msahafu asitaje ugonjwa mpaka Magharibi. Binti yake ndiye aliyetaka ahadi. Mimi nilijua, nikanyamaza."

Aliniangalia kwa macho yale ya mwalimu anayekujua kabla hujajitetea. "Wewe una miaka mingapi?"

"Sitini na sita."

"Na ulinyamaza kwa nini?"

Ningeweza kusema uongo. "Kwa sababu ya dada yangu."

"Mume wangu nimemzika huku, Hadibhai. Mpaka leo hakuna anayekalia upande wake wa sofa, hata Kamil. Mimi sikuja kuchukua kiti cha mtu." Akapiga mkono wa kile cha kukunja alichokalia. "Mimi natembea na changu."

Akasimama. Akakikunja, akanipa nishike, akamwendea Taki. Foleni nzima ikapisha bila kuambiwa.

"Wewe," akamwambia. "Chai yangu nimeichemsha saa kumi na moja alfajiri, umeinywesha nyasi. Umedhani sikuona? Vikombe viwili. Haluwa yangu umeikataa kana kwamba nimekupa sumu. Umetembea njia nzima unasifia mapipa. Magoti, siyo? Una sukari na magoti mabovu?"

Taki akakaza midomo akaangalia mbingu.

"Papa," Mahjabeen akasema, "you didn't tell her?"

"Nimeapa," Taki akasema. "Mpaka Magharibi."

Kamil akatoa simu. "Sunset is in thirty-one minutes."

"Na kwetu wekundu nao lazima uondoke," Taki akasema. "Jua kuzama peke yake halitoshi."

Khatijabai akafumba macho kidogo, na nilijua anapiga hesabu. "Kwa hiyo kula hawezi na kusema hawezi," akasema. "Haya. Siku ya ndoa bwana akishindwa kufika, anasema nani?"

"Wakili wake," Taki akajibu.

"Wakili wako nani hapa?"

Taki akanitazama. Hakuniomba. Alinitazama tu, na kisha wote wanne wakanitazama, na mama mmoja wa Kichina mwenye kigari cha mapacha naye akanitazama ingawa hakujua kuna nini. Khatijabai akafungua kopo. Shafiq alikuwa amebakisha vipande viwili.

"Uliyenyamaza ndiye utakayekula," akasema.

Nikachukua kipande. Mimi nina meno ya bandia juu, na haluwa inajulikana tabia yake. Meno yakashikwa, yakashuka, nikayasukuma kwa ulimi na kuendelea kutafuna mbele ya umati wa watu wasionijua. Iliki ilikuwepo, zafarani ilikuwepo. Nilitafuta chini yake ile ladha ya kuungua, niliyoila maisha yangu yote, nikaikosa. Ilikuwa nzuri kuliko chochote alichopika dada yangu. Machozi yalinitoka na sikuyafuta, kwa sababu mkono mmoja ulikuwa na kiti na wa pili unanata haluwa.

"Vipi, Shemeji?" Taki akauliza, sauti ndogo.

Sikuweza kusema, kwa ajili ya meno. Nikanyoosha mkono nikaomba kipande cha pili.

"Is that a yes?" Kamil akamuuliza Mahjabeen. Mahjabeen alikuwa analia naye, akamwambia anadhani hivyo.

Tulipanda feri jua likiwa limezama. Taki alisimama ubavuni ameshika chuma, uso kaelekeza juu, anaangalia ule wekundu ukipungua. Tulipofika katikati ya maji ukaondoka. Akasubiri kidogo zaidi, kwa hadhari. Kisha akamgeukia Khatijabai, akavuta pumzi ndefu ya mtu aliyefunga kutwa.

"Magoti," akaanza.

"Ngoja," Khatijabai akamwambia. Akachukua kiti mkononi mwangu, akakikunjua, akakisukuma nyuma ya Taki mpaka akakaa. Yeye akabaki amesimama, mikono kifuani.

"Haya," akasema. "Goti lipi?"

Mimi nimeyasikia magoti yale miaka mingi kuliko mtu yeyote aliye hai. Nimeyasikia kwenye lifti, mlangoni, msibani. Taki akafungua mdomo, akakosa pa kuanzia, maana hakuna aliyewahi kumuuliza hivyo, hata dada yangu, Mungu amrehemu.